Sharti la Kidole

Wiki iliyopita binti mmoja wa chuo alikuja kwangu hapa Miyuji, akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, akanipa pendekezo lake la utafiti nilipitie. Nikavaa miwani. Kwenye ukurasa wa tatu ameweka jedwali la rangi: kigeu huru, mbinu ya kufundishia; kigeu tegemezi, alama za wanafunzi. Basi. Nikamuuliza, "Mwanangu, na vingine viko wapi?" Akasema, "Vingine nimevidhibiti, bibi." Nikamuuliza amevidhibitije, akaangalia sakafu.

Sikumcheka. Nilivua miwani. Mimi nami niliwahi kusema neno hilo hilo, nimevidhibiti, kwa sauti ile ile ya kujiamini, na mwanamke mmoja wa Bahi akalipia. Sijawahi kulisimulia jambo hili lote. Kaeni basi, nyie mnaokuja na fomu zenu mkitaka niwasahihishie herufi, leo niwaeleze fomu inavyoweza kumla mtu.

Nilifanya kazi ya utafiti wa elimu hapa Dodoma zaidi ya miaka ishirini. Nilianza kwa kupiga taipu ripoti za wengine, nikapanda hadi kuandika fomu na kwenda nazo mashuleni. Hatukuwa na kompyuta. Fomu zilitolewa nakala kwa stensili, wino ukikumwagikia shatini ndiyo basi tena, na wastani tulitafuta kwa kalamu huku tunagombania kikokotoo kimoja chenye kitufe cha saba kibovu. Nyie mnabonyeza tu. Lakini mashine haijui ulichosahau kuiambia, hilo halijabadilika.

Aliyenifundisha vigeu ni Mzee Hosea, Mgogo wa upande wa Mpwapwa, mtu wa ugoro na maneno machache, aliyekuwa ofisini kabla yangu. Daktari wetu, mkuu wa kitengo, alikuwa na vitabu vizito, lakini mimi nilielewa kwa Mzee Hosea siku moja tunakula chakula cha mchana.

"Mke wangu akibadilisha unga leo," aliniambia, "halafu ugali ukatoka mbaya, nitasema unga ndio mbaya?"

"Utasema nini kingine?"

"Niulize kwanza. Kuni ni zile zile? Sufuria ni ile ile? Na mwenyewe kaamka vizuri, au jana nilimuudhi?" Akavuta ugoro, akapiga chafya. "Unga ndio uliobadilisha kwa makusudi. Hicho kigeu huru. Ugali ulivyotoka ndio kigeu tegemezi, kinategemea. Hivyo vingine vyote ni wezi, binti. Usipowahesabu mlangoni, watakula na wewe meza moja na utawaita wageni."

Nilicheka, nikadhani nimeelewa. Haikupita muda nikaenda Mlali kupima hesabu za darasa la tano, nikarudi nashangilia kwamba ufaulu umepanda ajabu. Nikataipu ripoti kwa mbwembwe. Mzee Hosea akaisoma, akaniuliza nilikwenda siku gani. Nikamtajia. Alicheka mpaka ugoro ukamwingia njia mbaya. Kumbe ilikuwa siku ya mnada. Wavulana wote wenye mbuzi na ng'ombe nyumbani walikuwa mnadani na baba zao, na darasani walibaki wale ambao hata jua liwake usiku hawakosi shule. Nilikuwa nimepima mnada, si hesabu. Ile ripoti tuliichana, na tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachouliza kijijini ni mnada wao uko lini. Liandikeni hilo kwenye madaftari yenu, halimo kitabuni.

Ile ilikuwa ya kuchekesha. Ya Bahi haichekeshi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Nyie mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamjui. Mitumba ilifika mpaka vijijini, sabuni hazikutafutwa tena, na hapo hapo mashirika ya umma yanauzwa na watumishi wanapunguzwa. Kupunguzwa ndilo neno lenyewe. Mtu alikuwa anakunywa chai na wewe saa nne, saa nane anaitwa kupokea barua. Kila ofisi ilikuwa na orodha, na hakuna aliyejua imeandikwa na nani wala inafungwa lini. Tulikuwa tunaogopa hata kuugua. Mimi nilikuwa na watoto wanne na mume aliyekwisha kupunguzwa kwenye kiwanda, na kila nikisikia hatua za Daktari kwenye korido nilianza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Nilijifunza kumjua kwa viatu.

Wakati huo wafadhili walitaka kujua kama kadi za picha zinasaidia watoto wa darasa la tatu kusoma. Kadi zenyewe ni vipande vya boksi, picha upande huu, neno upande ule. Tukachagua shule mbili. Ya Bahi ilipewa kadi kwa muhula mmoja. Ya Mlali ikaendelea na ubao na chaki kama kawaida, ili tupate cha kulinganishia. Tuwapime wote kabla, tuwapime wote baada. Mtoto anaingia peke yake chumbani, anasoma sentensi kumi kwa sauti, tunahesabu alizopata.

Fomu niliiandika mimi. Na hapa nisikilizeni vizuri. Shule zetu watoto walikuwa hodari wa kukariri. Mtoto anashika kitabu kichwa chini miguu juu na anakisoma chote, maana amekisikia kwa kaka yake. Nikajua huyo ni mwizi, kukariri, nikamwekea mlango. Nikaandika kwenye maelekezo: mtoto asome huku akifuata kila neno kwa kidole, asiyefuata kwa kidole apewe sifuri. Daktari akanisifu mbele ya wenzangu. Nami nikajibu kwa maringo, "Kukariri nimekudhibiti, Daktari."

Mwalimu wa darasa la tatu kule Bahi aliitwa Tabitha. Alikuwa mmoja wa wale waliofunzwa upesi upesi enzi za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, amemaliza darasa la saba akapewa chaki. Wenye vyeti walikuwa wanawadharau. Lakini jamani, yule mama alikuwa anafundisha! Safari ya kwanza mimi na Mzee Hosea tulikwenda kwa treni, tukatembea kwa miguu pembeni ya majaruba ya mpunga mpaka shuleni, tukawakuta watoto wanaimba silabi na yeye katikati, gauni limejaa vumbi la chaki. Alizipokea zile kadi kwa mikono miwili. Akasema, "Hizi nitalala nazo." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, eti ni kweli kwamba tutakaoandikwa vibaya kwenye ripoti tutapunguzwa?" Nikamwambia hapana, sisi tunapima kadi, hatupimi mwalimu. Niliamini nilichosema.

Safari hiyo watoto walisoma kwa kukwamakwama, ila kwa furaha. Namkumbuka msichana mmoja, Yusta, mwembamba, kidole chake kikitembea kwenye mstari kama siafu. Alikwama kwenye neno la tatu, akacheka mwenyewe, akaruka akaendelea.

Muhula ukaisha. Wafadhili wakawa wanataka majibu haraka, na Daktari akasema safari hii anakwenda mwenyewe. Gari letu lilikuwa juu ya mawe, halina matairi. Akaazima Landrova nyeupe kwa watu wa afya waliokuwa wanazunguka vijijini. Tulishukuru Mungu. Nani apande treni kama kuna gari?

Tulipoingia uwanja wa shule ya Bahi, watoto hawakutukimbilia. Nyie mnajua gari likiingia kijijini watoto wanavyofanya. Hawa walisimama. Halafu wadogo wakakimbia kuelekea kwenye mpunga, na walimu wakawafuata kuwarudisha. Daktari akatazama saa, akasema, "Nidhamu hakuna hapa." Mimi nikashuka na fomu zangu.

Tukakaa ofisi ya mwalimu mkuu, mlango tukaufunga. Mwalimu Tabitha tulimzuia asiingie, ndiyo kanuni, asije akamsaidia mtoto. Alibaki nje kwenye mlingoti wa bendera. Daktari akawa anaita majina kwa rejista, mmoja mmoja, mimi naandika.

Wa kwanza aliingia mikono ameificha nyuma. Wa pili mikono kwapani. Wa tatu amekunja ngumi zote mbili mpaka vifundo vimepauka. Daktari anasema, "Soma, fuata kwa kidole." Mtoto anatazama chini. "Kidole!" Mtoto analia. Sifuri. Anaitwa mwingine.

Akaja Yusta. Nilimtabasamia, hakunijibu. Amejikumbatia, mikono iko kwapani. Daktari akasukuma karatasi mbele yake, naye akaanza kusoma. Nawaambia alisoma! Kwa sauti ndogo ya kutetemeka, lakini alisoma sentensi ya kwanza, akasoma ya pili, lile neno lililomkwamisha akalipita bila kusimama. Daktari akagonga meza. "Fuata kwa kidole, we mtoto!" Yusta akanyamaza. Nikasikia maji yanatiririka, nikadhani kuna ndoo imemwagika. Ulikuwa mkojo wake, unamshuka miguuni, na yeye amesimama wima anamtazama Daktari, ngumi hajazifungua.

Nikaandika sifuri. Mkono wangu ndio ulioandika, kwa sharti langu mwenyewe.

Tulipotoka Mwalimu Tabitha akanijia mbio. "Wamesomaje, dada? Mbona wanatoka wanalia?" Nikamwambia matokeo yatakuja. Kule Mlali kesho yake watoto walilizunguka gari, wakalishika, wakajitazama kwenye vioo, wakaingia wakasoma na vidole vyao. Kwenye jedwali ikaonekana hivi: wasio na kadi wamepanda kidogo, wenye kadi wameporomoka karibu wote kwenye sifuri.

Siku tuliyorudi, njiani gari likaruka shimo, karatasi zangu zikaingia chini ya kiti. Nikapapasa kuzitafuta, mkono ukakutana na kitu laini. Nilipokitoa ilikuwa pamba, ina doa la damu iliyokauka. Nikapapasa tena nikatoa kijisindano kifupi kwenye karatasi yake. Nikavifunika kiganjani, Daktari amekaa mbele anaongea habari za wafadhili.

Ofisini nikamwekea Mzee Hosea ile pamba mezani. Aliigeuza kwa ncha ya kalamu. Akatoka, akaenda kuuliza kwa watu wa afya, akarudi. Wiki moja kabla yetu walikuwa wamepita shule ile ile kupima malaria, maana Bahi na yale maji yake mbu hawana likizo. Gari lile lile. Chumba kile kile, mlango umefungwa. Wanaita majina kwa rejista, mmoja mmoja. Na kila mtoto, alipoingia, aliambiwa: lete kidole.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," Mzee Hosea akasema. "Nani aliandika habari ya kidole?"

"Mimi."

"Basi mwizi wako alipita kwenye mlango ulioujenga mwenyewe."

Hakucheka.

Siku iliyofuata niliaga ofisini kwamba naenda hospitali. Nilidanganya, na njia nzima nilikuwa nageuka nyuma kama ninayefuatwa. Mimi na Mzee Hosea tukapanda treni mpaka Bahi, tukatembea. Mzee akawaamkia watoto kwa Kigogo, mbukwenyi, wakaitikia wakicheka. Hatukuingia chumbani, tulikaa nje kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Kidole tukakifuta. Kila mtoto nilimpa bua la mtama, nikamwambia afuate maneno kwa bua. Wakasoma, wanangu. Walisoma mpaka nikasahau kuandika. Yusta alisoma sentensi zote kumi, akaniuliza kama kuna nyingine. Mwalimu Tabitha alikuwa darasani na wenzao, hatukumweleza kitu. Nilimwambia tu tunahakiki. Alinitazama machoni, nikainamisha kichwa nikafunga begi.

Majina na alama nikaviandika kwenye karatasi moja, Mzee Hosea akatia sahihi yake chini ya yangu. Kwenye treni akaniambia, "Mimi nimebakiza miezi minne nistaafu. Maneno yangu hayana uzito tena. Fomu ni yako, kamwambie wewe."

Nilikwenda. Nataka mjue kwamba nilikwenda. Nilisimama mbele ya meza ya Daktari, nikamweleza gari, pamba, kidole, bua la mtama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Bibie, ripoti imeshakwenda, na nakala iko wilayani. Tumeandika kwamba kadi ni nzuri ila mwalimu hakuzitumia. Sasa unataka niwaandikie wafadhili kwamba watoto waliogopa gari?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na sharti la kidole aliandika nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo aliyekosea ni nani hapa ofisini?" Akafungua droo, akaifunga. "Orodha ya kitengo chetu bado haijafungwa."

Basi. Hakusema zaidi. Nilisema ahsante, Daktari. Sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi. Nikatoka na karatasi yangu, nikaenda nayo nyumbani, nikaiweka chini kabisa ya sanduku la khanga. Ningeweza kuipeleka kwa afisa elimu. Ningeweza kumpelekea Mwalimu Tabitha mwenyewe aitumie kujitetea. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi nilisikia vile viatu kwenye korido. Mwezi huo huo Tabitha akapewa barua yake. Sababu iliyoandikwa ilikuwa ripoti yetu. Mimi sikupunguzwa. Nilifanya kazi mpaka nikastaafu kwa heshima, nikapewa na saa ya ukutani.

Mnaniuliza vigeu vinatambuliwaje. Nitawaambia ninachokijua. Nendeni mapema, kabla ya siku ya kupima, mkakae tu. Ulizeni nani alipita hapa kabla yenu na alifanya nini. Ulizeni mnada. Ulizeni watoto wamekula nini. Kitu kikionekana na fomu yako haina nafasi ya kukiandika, andika pembeni, andika mgongoni mwa karatasi. Mimi niliziona zile ngumi, moja, mbili, tatu, darasa zima, na sikuandika popote kwa kuwa hapakuwa na safu ya ngumi. Na kila kitu unachokiweka ili kudhibiti, kiulize nacho: wewe unaleta nini humu ndani? Kisha jitazame na wewe mwenyewe. Katika utafiti ule mtu aliyekuwa na hofu kuliko wote hakuwa na miaka tisa. Alikuwa ameshika kalamu.

Mwaka juzi nikashindwa kulala na ile karatasi. Nikapanda basi mpaka Bahi, nikachukua bodaboda, nikauliza kwa Mwalimu Tabitha. Bado wanamwita mwalimu. Nilimkuta uani anapeta mchele, nywele nyeupe. Alinitambua upesi kuliko nilivyotaka.

"Dada wa kadi," akasema. "Karibu. Kaa."

Sikuweza kukaa. Nikamweleza nikiwa nimesimama, yote, kama nilivyowaeleza nyie, nikampa karatasi. Akaifungua. Akaangalia sahihi mbili chini.

"Hii uliipata lini?"

"Kabla ya barua yako."

Akaishusha karatasi mapajani. Kuku wakaja kwenye mchele, hakuwafukuza. Nilikuwa namwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa Daktari. Ningefurahi anitukane.

"Uliogopa nini?" akaniuliza.

"Orodha."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi kazi nilishaililia nikamaliza. Nililima, watoto wakasoma. Lakini unajua mimi niliogopa nini miaka yote hii? Nikikutana na hao watoto njiani, sasa ni watu wazima, nilikuwa nachepuka. Niliogopa kwamba ni kweli, sikuwafundisha."

Hapo ndipo nilipokaa. Akavaa miwani yake, imefungwa uzi upande mmoja, akailaza karatasi juu ya ungo. Akaanza kusoma majina ya darasa lake kwa sauti, jina na alama, jina na alama, taratibu, huku akifuata kwa kidole.